Mwanga wa mlangoni: foto tunazopigia watu nyumbani kwao

Maneno ya timu ya tereni kwenye mkutano mkuu wa wanamemba, Ntoto



Tumeombwa tueleze kazi ya foto. Kwenye soko watu wawili watatu walituuliza: ninyi mulikuwa munagawa mbegu na majembe, sasa munageuka wapiga foto? Ni swali la haki. Upande wa wafadhili limetoka lingine, lenye adabu zaidi lakini zito kulishinda: kamera munayo, lensi mpya munayo, mbona hizo foto hazitufikii? Tutajibu yote mawili. La pili tutaliacha kidogo, juu linaomba kwanza tuelewane ni foto za namna gani.

Mbegu na majembe vinaendelea, hilo tuliseme mapema ili mtu asirudi nyumbani na wasiwasi.

Mtu akikimbia anabeba nini? Mtoto, sufuria, godoro kama nguvu iko, karte. Foto ya ukutani inabaki ukutani, na nyumba ikiungua inaungua nayo. Hapa Ntoto wazee wanahesabu kukimbia tangu tarehe 20 mwezi wa tatu 1993, siku ile vita vilipoanzia kwenye soko letu na kisha kuingia Masisi. Wenye walizaliwa mwaka ule leo wana watoto wao, na kati yao wako ambao hawajawahi kuona sura ya baba yao kwenye karatasi. Mama mmoja mjane alitueleza namna anavyomfundisha kijana wake uso wa marehemu: "Angalia paji la uso la baba yako mdogo, halafu shika masikio yako mwenyewe, njo baba yako huyo." Alipotuita nyumbani, foto aliyoiomba haikuwa yake. Alitaka tumpige yule shemeji yake, na tena kwa upande wa kushoto tu, maana kwa upande ule njo anafanana na marehemu. Tulimpiga kwa upande wa kushoto.

Kwa wengi foto pekee iliyobaki ni ile ya karte ya uchaguzi. Sura ya ukubwa wa kidole gumba, imepigwa kwa haraka, mtu ametoa macho. Karte nyingi za 2023 zimeshaanza kufutika. Na wenzetu waliokuwa upande wa Masisi mwaka ule hawakuandikishwa. Uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa 12 haukufanyika kule, wala Rutshuru. Hao hata ile ya kidole gumba mpya hawana.

Lakini musidhani watu wetu hawajapigwa foto. Wamepigwa sana! Wenye walipita kwenye kambi za pembeni ya Goma, Bulengo, Lushagala, mpaka zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, wanajua: foto kwenye mstari wa maji, foto kwenye mstari wa unga, foto ya mtoto mwenye homa. Kamera inakuja, inapiga, inapanda gari. Baba mmoja alitwambia amepigwa foto mara nyingi hata hawezi kuhesabu, na nyumbani kwake hakuna hata moja. Tunaomba wafadhili wakae na neno hilo kidogo. Kazi hii yote imezaliwa pale.

Hatusemi foto ya mateso haina kazi. Mwezi wa tano 1904, kule Baringa, upande wa Ekwateri, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga baba mmoja, Nsala, ameketi barazani anaangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo, vyote vimekatwa. Foto ile ilizunguka Ulaya na Marekani, ikawa kati ya vitu vilivyowafumbua watu macho, na mwaka 1908 mfalme Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Kwa hiyo foto inaweza kusukuma serikali. Ila tangu wakati ule, kwa zaidi ya miaka mia moja, Mkongomani akipigwa foto na mgeni anajulikana kwa jeraha lake kwanza. Uso unakuja nyuma.

Basi turudi kwenye uso. Tuingie kwenye kazi yenyewe, juu vijana wengi hapa wana telefone zenye kamera, na karibu yote tutakayosema yanafaa hata kwa telefone.

Kamera yetu ni ya zamani. Ilikuwa na ile lensi inayotoka nayo dukani, ya kuvuta mbali na karibu. Barabarani ni nzuri. Ndani ya nyumba ya udongo yenye dirisha dogo kama daftari, inakuwa kipofu. Tulikuwa tunalazimika kumtoa mtu nje, juani, mbele ya majirani wote, anakunja uso, watoto wanamcheka. Lensi mpya ni ya milimita 50 na haivuti. Ukitaka karibu, unatembea kwa miguu. Ni kati ya zile za bei ndogo kabisa. Faida yake ni mlango wake: unafunguka mpaka 1.8, wakati ile ya zamani ikivutwa karibu inakomea 5.6. Namba ndogo, mlango mkubwa, kila mtu anashangaa mara ya kwanza. Ukifanya hesabu, mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Na mara kumi hapa Ntoto, kwenye msitu na mawingu yetu, maana yake mzee anabaki kwenye kiti chake, ndani ya nyumba yake.

Mlango ukifunguka hivyo kuna bei ya kulipa. Kwa 1.8, ukisimama mita moja na nusu mbele ya mtu, sehemu inayoonekana safi ina unene wa sentimita 6 hivi. Jicho liko safi, sikio limeshaingia kwenye ukungu. Mtu akivuta pumzi na kuegemea nyuma, umempoteza. Kwa hiyo mtu mmoja aliyetulia tunamweka 2.8, tunapata karibu sentimita 10. Mama na mtoto mapajani, tunafunga mpaka 4, na tunaomba vichwa viwili viwe kwenye mstari mmoja. Siku zote tunalenga jicho lililo karibu na kamera. Mtoto wa miaka miwili ni habari nyingine, hapo unapiga nyingi na unaomba Mungu.

Sasa mwanga. Taa kubwa kuliko zote katika Ntoto ni mlango wa nyumba. Muketishe mtu hatua moja ndani, mwili kidogo upande, uso uelekee nje. Hatua moja tu: akienda ya pili na ya tatu giza linammeza haraka. Mstari wa jua usimguse. Nyumba zenye kuangalia mashariki zinaleta shida asubuhi, jua linaingia moja kwa moja kama tochi. Tunatundika chandarua cha mbu kilichokunjwa mara mbili mlangoni, na mwanga unakuwa laini kama wa siku ya mawingu. Upande wa pili wa uso unabaki mweusi. Pale mtu wa nyumba anashika shuka jeupe, au mfuko wa unga uliogeuzwa, mita moja kutoka shavuni, na mwanga unarudi. Shitingi nyeupe inafanya kazi hiyo vizuri kuliko vyote, tatizo lake ni maandishi ya msaada. Mama mmoja alituomba kwa sauti ya chini: "Hiyo shitingi isionekane, nimeishi chini yake vya kutosha." Tuliigeuza upande usio na maandishi, ikaleta mwanga na haikuingia kwenye foto.

Kitu ambacho hatukukisoma popote, tulikiona hapa: migomba. Ikiwa karibu na mlango, mwanga unapita kwenye majani na kuingia ndani kijani. Jicho halitambui, kamera inatambua, na mtu mzima mwenye afya anatoka na rangi ya mgonjwa wa malaria. Tunahamia mlango wa nyuma, au tunatandika shuka nje chini ya mlango ili nyeupe ishinde kijani. Udongo mwekundu, kinyume chake, ni rafiki. Unarudisha joto kidogo chini ya kidevu.

Na moshi. Nyumba ikipikiwa ndani, macho ya mpigwa foto na ya mpiga foto yote yanalia. Hatumwambii mtu azime jiko lake kwa ajili yetu, chakula kinaanza. Tunabadilisha saa ya kufika.

Kuna jambo la rangi ya ngozi ambalo vijana walijue. Kamera haina akili, inataka kila kitu kiwe kijivu. Ukiweka shuka jeupe nyuma ya mtu mweusi, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, na uso unazama. Hii si hila ya leo. Miaka mingi Kodak ilikuwa inapima rangi za filamu zake kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu. Ngozi yetu haikuwa kwenye hesabu. Kwa hiyo pima mwanga shavuni, si ukutani. Kwa telefone, gusa uso kwenye kioo, halafu sogeza kidole juu au chini mpaka shavu lionekane kama shavu. Nyuma ya mtu tunapenda zaidi ukuta wa udongo, au kitenge chenye rangi nzito.

Jioni tunatumia taa ya sola. Ikiwa peke yake ni kali, inachora pua kama kisu. Tunaitia ndani ya beseni jeupe la plastiki, tunafunika kwa kitambaa chepesi cheupe, tunaiweka juu ya bidon mbili zilizopandishwa kwenye meza, upande mmoja, juu kidogo ya macho, nusu mita kutoka kwa mtu. Isiwe chini: taa ikitoka chini inamfanya baba wa watu aonekane mchawi, na watoto walishatuonyesha hilo kwa kucheka mpaka kazi ikasimama. Usichanganye taa na mwanga wa mlango, nusu ya uso inakuwa ya bluu na nusu ya njano. Tena taa nyingine za sola zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Kamera inaona, inaleta mistari myeusi. Piga moja ya kujaribu, angalia, ubadilishe taa kama ni lazima.

Mutu akisikia beseni na shuka anaweza kufikiri ni kazi ya umaskini. Mwaka 1948, kule Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake. Alipiga kwa mwanga wa mchana, uani, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa kifuniko cha kitanda chake mwenyewe. Leo foto zake zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa ya dunia. Alikuwa pia na suti, saa na redio za kuazima kwa wateja wake.

Tunalitaja la kuazima kwa sababu ya koti. Kwenye avenii moja hapa, koti moja jeusi limepigwa foto kwa wanaume wa nyumba nyingi. Linatoka kwa huyu linaenda kwa yule, mikono mirefu kwa mmoja, mifupi kwa mwingine. Rafiki mmoja wa shirika aliona, akauliza kama huo si uongo. Kwa maoni yetu, hapana. Mtu ambaye alipigwa na nguo za kambi bila kuulizwa, leo anaulizwa, na anajibu: mimi nataka koti. Mzee mmoja alitaka redio yake magotini, na betri zake zimekwisha tangu zamani. Msichana mmoja alitaka daftari. Wengi hawacheki kwenye foto, wanakaza uso na kunyoosha mgongo, juu foto ni jambo la heshima na itawaona wajukuu. Hatumwambii mtu "cheka".

Tunakuja kwenye mambo magumu.

Tunauliza mbele, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na tunauliza tena tukishamwonyesha foto. Akisema futa, tunafuta mbele ya macho yake. Akikataa tangu mwanzo, hatubembelezi. Baba mmoja alikataa kwa sababu kule kambini walimpiga akiwa bila shati, tulikunywa naye chai tukaondoka, na nyumba yake inapata mbegu sawa na nyingine. Hatupigi mtu mwenye nguo ya kijeshi, hata kama ni shati tu alinunua kwenye mitumba, wala hatupigi kitu chochote cha silaha. Munajua wenyewe namna wenye bunduki wanavyobadilishana hapa kwetu. Kijana aliyesimama vizuri leo na buti za mjomba wake, kesho mtu mwingine anaisoma ile foto kwa njia nyingine na kumuuliza maswali. Kamera yetu haiandiki mahali. Hatuweki orodha ya majina pamoja na sura, na foto hizi hazipiti kwenye WhatsApp. Sura ikishasafiri hujui itakutana na nani.

Za watoto tunazipiga wazazi wakiwapo, na karatasi inabaki kwa mzazi. Hapa kuna faida ambayo hatupendi kuifikiria lakini lazima tuiseme. Mwaka 1994 na 1995, watoto wengi sana walipopotezana na wazazi kati ya Rwanda na huku kwetu, foto zao zilibandikwa kwenye mbao kambini, watu wakapita wakiangalia uso kwa uso. Mpaka leo Msalaba Mwekundu unafanya kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana. Mzazi mwenye foto ya karibuni ya mtoto wake mfukoni anaanza kutafuta mbele ya mwingine. Kwa hiyo mtoto tunampiga uso wazi, bila kofia, na kama kuna kovu au alama hatuifichi. Hiyo moja hatuifanyi kwa urembo.

Sasa swali la wafadhili. Foto ziko wapi? Ziko ukutani, ndani ya Biblia, chini ya godoro, kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karte. Ziko Ntoto. Mutaona gazeti hili halina hata uso mmoja, tumeweka foto ya mlango tu, na kiti kitupu. Mwanamemba akija mwenyewe kusema "yangu muitie kwenye gazeti", tutakaa naye, tutamweleza gazeti linafika wapi, na akibaki na neno lake tutaitia, jinsi alivyo, na koti lake. Tunajua foto ya mtoto anayelia inafungua mifuko upesi. Tunajua pia kuna ripoti ambazo zina mahali patupu panaposubiri foto, na sisi njo tunaozijaza hizo ripoti. Pale patupu tutaandika: foto iko kwa mwenyewe. Kama kuna mfadhili ambaye hawezi kutoa msaada bila kuona uso, tunaomba aje. Njia ni mbaya, tope ni nyingi, lakini atapokewa, na mlangoni ataomba ruhusa kama sisi.

Mmoja wenu kwa moyo mwema alitaka kutununulia taa za studio na jenereta. Asante sana. Tumeomba abadilishe. Jenereta inataka mafuta, na mafuta yanakuja huku kwa mgongo au kwa moto. Tena mwanga mkubwa na kelele usiku, katika nyumba moja ya kijiji kisicho na umeme, unaita macho ambayo hatuyataki. Kitu kinachotukosea ni karatasi na wino. Tuna mashine ndogo ya kuchapa, inakaa kwenye begi, inaenda na betri, inatoa foto ya sentimita 10 kwa 15, na mwishoni inaifunika kwa ngozi nyembamba inayozuia maji. Kwa nyumba zetu zinazovuja, ngozi ile ni ya lazima. Karatasi ikikwisha, tunasimamisha kupiga. Hatutaki kurudi kwenye ile tabia ya kupiga na kuondoka, foto zikibaki ndani ya kamera na mtu akingojea. Kwa hiyo: karatasi, wino, betri mbili za kamera, mifuko ya plastiki ya kuhifadhia. Hesabu yote iko kwa mweka hazina, mwanamemba yeyote anaweza kuiangalia.

Tumalizie na ratiba. Jumanne tunaanza upande wa juu wa soko, nyumba zile zilizojiandikisha mwezi uliopita, na alhamisi tunashuka upande wa mto. Tunapita asubuhi mpaka saa nne, halafu tena kutoka saa tisa, juu kati ya hapo jua liko juu ya kichwa na mlango hauna kitu. Wazee na wagonjwa wasiotoka nje wanakuwa wa kwanza. Jirani atuambie mlango wao uko upande gani. Kila nyumba karatasi mbili. Musinunue nguo kwa ajili ya foto, tunawaomba sana. Mwenye lile koti jeusi amekubali liendelee kutembea, mradi lirudishwe limefuliwa. Mvua ikinyesha musifunge milango, tutakuja hata hivyo, mwanga wa mawingu ni mzuri.